Samaki wa Langoni

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao na vigoda vinne, kwenye ukuta wa kibanda cha kutengenezea simu, hatua thelathini kutoka lango la chuo. Ukikaa upande wa kulia unaliona lango lote. Ukikaa kushoto unaona nusu ya lango na mgongo wa aliyekaa kulia, ndiyo maana upande wa kulia hugombewa kila asubuhi. Kuna birika moja la kahawa, vikombe saba, na watu wanne waliozoea. Mama Vikombe ndiye mwenye kahawa, na jina lake la kuzaliwa limeshasahauliwa hata na mawifi zake. Hakimu alikuwa tarishi wa mahakama kwa miaka thelathini, na tangu astaafu anatoa hukumu bure. Dokta ndiye mwenye kibanda; anafufua simu zilizokufa. Wa nne ni Brashi, mchoraji wa mabango, mtu wa maneno machache. Asubuhi hiyo hakuna aliyegombea upande wa kulia, maana Brashi alikuwa ameuchukua wote. Bati la nembo ya chuo, duara lenye upana wa meza ya chakula, lilikuwa limeshushwa langoni na kulazwa juu ya vigoda viwili ili lipakwe rangi upya. Wanafunzi wapya wangeanza kuripoti saa nane mchana.

Sehemu ya maji kwenye nembo ilikuwa imeshakauka rangi. Ua kubwa lenye petali nane lilikuwa limekauka, na ndege mweupe aliyekaa juu yake pia. Chini kulikuwa na herufi za Wahindu walioanzisha chuo, zile zinazoning'inia kwenye mstari mmoja kama nguo zilizoanikwa, nazo ziling'aa kwa rangi ya dhahabu. Sehemu moja tu ilikuwa tupu: mbele ya mdomo wa ndege.

Mama Vikombe ndiye aliyeona kwanza.

— We Brashi! Samaki yuko wapi?

— Nimemtoa.

— Umemtoa ukampeleka wapi?

— Sijampeleka popote, mama. Nimemkwangua kwa msasa. Huyo hapo chini.

Wote wakainama kutazama chini ya vigoda. Palikuwa na vumbi la rangi ya fedha, kiasi cha kujaza kijiko.

— Haya, akasema Hakimu, akiweka kikombe chini kama anayefungua shauri. Mshtakiwa amekiri. Sasa ajieleze.

— Huyo samaki hakupaswa kuwepo, Hakimu.

— Hakupaswa? Miaka ishirini na mitatu namtazama kila siku. Kama yeye hakupaswa kuwepo, basi na mimi sikupaswa!

— Hilo nalo tumekuwa tukilijadili, akasema Dokta.

Brashi hakucheka. Alikuwa amekata shauri tangu Jumanne, siku ambayo mkutubi wa chuo alimletea nembo ya kwanza kabisa, iliyochongwa kwenye ubao usiozidi ukubwa wa sahani, ili alinganishe vipimo. Ulikutwa nyuma ya rafu, umegeuzwa uso ukutani. Brashi aliuweka dirishani nyumbani kwake, akachukua kioo cha kukuzia, akatazama. Kile kitu kirefu kilichopinda mdomoni mwa ndege hakikuwa na jicho wala magamba. Lilikuwa bua la ua, na mwishoni mwake palikuwa na chipukizi na majani mawili. Alikaa kitandani mpaka chai ikapoa.

Maana aliyemchora samaki ni yeye. Miaka ishirini na mitatu iliyopita alipewa bati hili likiwa limeliwa na kutu katikati, akaambiwa alifanye jipya. Akaona ndege, akaona maji, akaona kitu kirefu mdomoni chenye ncha iliyogawanyika. Hakuhitaji zaidi. Mke wake alikuwa kando akimkorogea rangi. Alisogea, akainamisha kichwa upande.

"Huyu samaki wako mbona ana majani?"

"Hayo ni mapezi," Brashi alimjibu, bila kugeuka.

Mke wake aliendelea kukoroga. Sasa ana miezi kumi na minne kaburini. Katika miaka yote ile hakuna siku Brashi alimwambia "ulisema kweli", kwa sababu hakuna siku aliyojua.

Mengine yote yalitoka hapo. Picha ya langoni ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, basi mpiga chapa akainakili kwenye barua za chuo, fundi sweta akainakili kwenye sweta, na mwishowe ikaingia kwenye vyeti. Timu ya mpira ikajiita Wala Samaki. Bwalo likaanza kupika samaki kila Ijumaa, kwa heshima ya nembo.

Lakini kijiwe kilikuwa hakijaambiwa lolote kati ya hayo, na kijiwe hakikai bila sababu; kikikosa, hutengeneza.

— Mimi nasema kumtoa samaki ni hatari kitaalamu, akaanza Dokta.

— Utaalamu gani, wewe wa simu?

— Sikilizeni kwanza. Samaki ana fosforasi. Fosforasi inalisha ubongo. Sasa hiki ni chuo cha nini? Cha ubongo! Wale wazee wa Kihindu waliweka dawa ya kufaulu pale juu, mchana kweupe, na sisi tunapita chini yake kama mbuzi.

— Mbona mimi nakula samaki na sijafaulu kitu? akauliza Hakimu.

— Unakula sehemu gani?

— Mkia.

— Unaona sasa!

Mama Vikombe alicheka mpaka akashikilia benchi. Hakimu alingoja cheko liishe, kama alivyokuwa akingoja mahakamani.

— Achana na fosforasi. Ile ni picha ya haki. Ndege ni sheria. Samaki ni mtuhumiwa. Tazama vizuri: amekamatwa, lakini hajamezwa. Anashikiliwa tu. Miaka ishirini na mitatu shauri linaahirishwa. Hiyo ndiyo mahakama niliyoifanyia kazi mimi.

— Nyie wanaume mnapenda kujikweza, akasema Mama Vikombe. Samaki ni mtihani. Mtihani unateleza. Unadhani umeushika, fyuu, umeponyoka. Mwanangu aliushika wake. Cheti kiko sebuleni, samaki huyo hapo juu, utadhani anampongeza.

— Sawa, lakini hamjaniuliza mkia wa samaki ulikuwa unaelekea wapi, akasema Dokta, na sauti yake ikashuka. Kusini-magharibi. Na petali ni nane. Dira ina pande ngapi? Nane! Mkiufuata mkia kutoka langoni mnafika nyuma ya maktaba, palipofukiwa kisima. Pale hapakuwa na kisima, jamani. Ni mlango wa handaki, linatoka maktaba mpaka benki.

— Benki imejengwa mwaka juzi, akasema Hakimu.

— Sasa unafikiri kwa nini waliijenga pale?

— Na hizo herufi za chini zinasemaje, mtaalamu?

— Zinasema: asiguswe samaki.

Brashi alikuwa akisafisha brashi ndogo kwa kitambaa, unyoya kwa unyoya. Alisema bila kuinua kichwa:

— Herufi ziko sawa. Nimezilinganisha na ubao, hakuna mkunjo uliopotea. Nilipozichora mara ya kwanza sikuelewa hata moja, kwa hiyo nilifuata kila kitu kilivyo. Nilikosea pale tu nilipodhani naelewa.

— Ulikosea? akauliza Mama Vikombe. Wewe?

— Mimi.

Akautoa ubao kwenye mfuko, akaufunua, akawapa na kioo cha kukuzia. Ulizunguka mkono kwa mkono. Dokta ndiye aliyeutazama muda mrefu zaidi, jicho moja limefumbwa, kama anavyotazama simu iliyoingia maji.

— Ni bua, akasema mwisho. Ua na bua lake. Wala si handaki.

— Kwa hiyo miaka yote hii tunabishana juu ya kosa lako, akasema Hakimu. Na ulikuwa umekaa hapo hapo!

— Nimejua Jumanne.

Mama Vikombe hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti.

— Brashi, ndugu yangu, ngoja kwanza. Mwanangu yuko maabara, hospitali kubwa. Mwezi ujao wanahakiki vyeti vya wafanyakazi wote. Mkaguzi akija hapa na cheti chenye samaki, akute lango lina ua, atasema nini? Si atasema cha kughushi? Watu wangapi wana samaki kwenye vyeti vyao?

— Wengi.

— Na umewafikiria?

— Nimewafikiria tangu Jumanne, mama. Bado sijapata la kuwaambia. Lakini samaki simrudishi.

— Hata kwa ajili ya binti yangu?

Brashi alimtazama. Binti huyo alikuwa akija nyumbani kwake wakati wa ugonjwa wa mke wake, jioni baada ya kazi, bila kuombwa. Kabla hajajibu, karani wa mkuu wa chuo alitokea langoni, akaja akitembea haraka, tai begani, fomu za agizo mkononi.

— Mkuu anauliza bati liko ta— Brashi, samaki yuko wapi?

— Swali hilo limeshaulizwa, akasema Hakimu.

— Si mzaha, mzee. Agizo linasema nembo ipakwe kama ilivyokuwa. Rangi ile ile, samaki yule yule. Saa nane wanafunzi wanaingia.

— Nimesikia, akasema Brashi.

— Kwa hiyo unamrudisha?

— Hapana.

— Brashi, nakuheshimu kama baba yangu. Mabango yote ya bweni jipya yako kwenye jina lako. Ukimkaidi mkuu kwa ajili ya ua, mimi nitakuteteaje?

— Usinitetee. Kaa unywe kahawa.

Karani hakukaa. Alikuwa akimtazama mtu aliyekuwa akija kwa barabara ya chuo: mwanamke mzee wa Kihindu, mwavuli mkononi, akipiga hatua ndogo za mtu asiyeizoea njia. Wote walimfahamu. Duka lake la dawa liko mtaa wa pili, na hakuna pale asiyewahi kununua kwake dawa ya kikohozi. Lakini kijiweni hakuwahi kuonekana, wala mbele ya lile lango.

— Nimeambiwa kuna fundi alipita dukani jana akiuliza rangi, akasema.

Brashi alisimama.

— Shikamoo mama. Ni mimi.

— Marahaba. Rangi gani?

— Ya chipukizi. Ubao umechongwa tu, hauna rangi. Sikutaka kukisia tena.

Mwanamke aliusogelea ubao, akaugusa ukingoni kwa kidole kimoja. Kisha akalitazama bati, pale mahali patupu.

— Na yule samaki?

— Nimemtoa.

Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Mama Vikombe akamjazia kikombe, naye akakipokea kwa mikono miwili lakini hakunywa.

— Huyu ndege tunamwita hansa, akasema. Ni wa Saraswati, mungu wetu wa elimu. Husemwa ukimwekea maziwa yaliyochanganywa na maji, atakunywa maziwa na kuyaacha maji. Babu yangu alipenda hilo. Alisema mwanafunzi anakuja chuoni kujifunza kutenganisha. Na ua ni yungiyungi. Linaota topeni, lakini tope halishiki kwenye petali zake. Bua alilobeba hansa ni la yungiyungi hilo hilo.

— Na petali nane? akauliza Dokta, kwa matumaini.

— Babu aliona nane zinaenea vizuri kwenye duara.

— Na herufi?

— Ni sala fupi. Inaomba akili ipewe mwanga.

— Hakuna habari ya kisima?

— Kisima gani?

— Basi, mama. Endelea.

Aliuweka mwavuli magotini.

— Babu ndiye aliyeichora, kwa penseli, kwenye meza yake ya dawa. Sisi tulipoikabidhi serikali chuo, baba yangu alilia, lakini alisema ni vizuri, sasa ni cha wote. Mwaka uliofuata akapita hapa, akaona samaki. Nyumbani kwetu samaki haliwi, wala haingii jikoni. Baba akarudi dukani akasema: "Wametuambia kitu." Hakupita tena barabara hii. Alizunguka nyuma ya soko, kwenda na kurudi, miaka kumi na mmoja, mpaka alipofariki. Na mimi nikazoea kuzunguka.

Karani aliivuta tai yake ikarudi kifuani. Hakimu alijikohoza.

— Sasa mama, miaka yote hiyo mbona hamkusema?

— Tulidhani tumeambiwa tusirudi, akajibu. Na nyie? Duka langu liko mtaa wa pili. Mbona hamkuuliza?

Brashi aliiweka brashi chini, akaja akasimama mbele ya mwanamke.

— Mama, hakuna aliyewaambia kitu. Hakuna kikao kilichokaa. Ni mimi niliyemchora, kwa kutoona vizuri na kutotaka kuambiwa. Mtu aliniambia, nikamnyamazisha. Baba yako siwezi tena kumwomba radhi. Nakuomba wewe.

Mwanamke alikitazama kikombe, akanywa funda moja, akakiweka chini.

— Leta rangi zako, akasema. Si waridi ile ya mabango ya saluni. Ni ya ukucha wa mtoto mchanga. Ncha yenyewe nyeupe. Bua ni kijani kibichi, kama dengu zilizoanza kuota.

Brashi akachanganya. Mara ya kwanza mwanamke akatikisa kichwa. Mara ya pili akatikisa tena. Mara ya tatu akanyamaza, na Brashi akaelewa kwamba imefika. Bua lilishuka kutoka mdomoni mwa ndege kwa mpigo mmoja, bila kutetemeka.

— Imependeza, akasema Mama Vikombe polepole. Lakini cheti cha mwanangu, Brashi?

— Sasa ndiyo zamu yake. Hakimu, andika.

Hakimu alikuwa amengoja maneno hayo tangu astaafu. Alitoa kalamu mfukoni, akachukua fomu za agizo kwa karani, akazigeuza, akaanza kusoma kwa sauti kile anachokiandika:

— "Mimi niliyetajwa hapa chini, nikiwa na akili zangu timamu, pasipo kushurutishwa—"

— Futa, akasema Brashi. Andika hivi. "Mimi ndiye mchoraji wa bati la lango. Samaki niliyemchora miaka ishirini na mitatu iliyopita ni kosa langu. Chuo hakikumwagiza, na waanzilishi hawakumchora. Vyeti vyenye samaki ni halali. Asiye halali ni samaki." Nakala mbili. Moja ya mkuu, moja ya maabara.

— Mahakamani ingekuwa kurasa nne, akasema Hakimu, lakini aliandika.

Brashi akatia sahihi. Hakimu, Dokta na Mama Vikombe wakatia zao kama mashahidi, na mwanamke wa duka la dawa akatia yake mwisho, akaongeza chini: mjukuu wa aliyeichora nembo. Mama Vikombe aliikunja nakala ya maabara mara mbili, akaiingiza kifuani. Karani akapokea ile nyingine kwa ncha za vidole, akaondoka nayo.

Ilipofika saa saba na nusu rangi ilikuwa imeshika. Brashi na Dokta walilibeba bati kwa tahadhari, uso juu, mpaka langoni, na Brashi akapanda ngazi. Alikuwa ameshakaza nati tatu karani aliporudi.

— Mkuu ameisoma. Anasema ni jambo zito. Usitundike chochote, kamati itakaa wiki ijayo.

— Mwambie kamati ikikaa waniite. Nitakuja na ubao.

— Na mabango ya bweni?

— Ayampe mwingine. Hebu nipe hiyo nati, iko karibu na mguu wako.

Karani alitazama chini. Alitazama upande wa ofisi. Kisha akainama, akaiokota nati, akaipangusa kwenye suruali yake, akanyoosha mkono juu.

Kijiweni kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeondoka. Mwanamke wa duka la dawa alikuwa amesimama katikati ya barabara, mwavuli umefunguliwa, akitazama juu. Ndipo alipokuja wa kwanza wa wanafunzi wapya, msichana mwenye sanduku kichwani na barua ya kujiunga mkononi. Alitazama barua, akatazama lango, akarudi kwenye barua. Alitua sanduku mbele ya benchi.

— Shikamooni. Samahani, natafuta chuo chenye samaki. Ndicho hiki?

Dokta akajishughulisha na vifungo vya shati lake. Mama Vikombe alimgeukia karani, na karani akaigeukia ofisi.

— Ndicho, binti, akasema Brashi akishuka ngazi. Huyo aliye kwenye barua yako nilimchora mimi, kwa makosa. Hiyo nembo ya juu ndiyo yenyewe. Barua yako ni halali. Ingia, ofisi iko kulia.

— Kwa makosa?

— Kwa makosa yangu.

Msichana alimtazama, akalitazama bati tena, akajitwika sanduku, akaingia. Nyuma yake walikuwa wakija wengine watatu, na nyuma ya hao wawili, kila mmoja na barua mkononi, macho yakipanda langoni na kushuka. Brashi akaegesha ngazi ukutani. Alikwenda kijiweni, akachukua kigoda kimoja, akakipeleka chini ya lango, akakaa kuwangoja.